Matoazi ya Nyundo

Watu wa Mbichi walikuwa na sheria moja tu, na juu ya sheria hiyo walikuwa wabishi kuliko mawakili. Wimbo unapigwa mara moja, mwanzo hadi mwisho, mashine zote zikiwa zimewashwa na tepu inazunguka. Hakuna kurudia kipande, hakuna kukata na kuunganisha, na hakuna mtu mwingine kugusa kitufe baada ya mpigaji kunyanyua mikono. Wimbo ukiwa haufai, unafutwa wote. Ukifaa, unatoka na makosa yake, hata kikohozi cha mpigaji kama kimeingia kwenye tepu.

Mbichi ilikuwa lebo ya santuri, ndogo kiasi kwamba wenyewe walikuwa wawili na mmoja wao ndiye aliyefagia. Walitoa hausi na tekno, muziki wa mashine usiopakwa poda: besi nzito, makofi makavu, sauti moja ya kinanda inayojirudia mpaka msikilizaji asahau alikuwa anaelekea wapi. Ofisi yao ilikuwa chumba nyuma ya karakana ya mshona makochi. Mlangoni waliandika MBICHI kwa rangi nyekundu, na haikupita wiki bila mtu kuingia akiulizia mahindi. Mwanzoni Dada Mkubwa alijaribu kueleza. Siku hizi alijibu tu kwamba yamekwisha.

Dada Mkubwa ndivyo mdogo wake alivyomwita, na sasa hata watu wa kiwanda cha santuri waliokuwa wakubwa kuliko yeye walimwita hivyohivyo. Kazi zote zilikuwa zake isipokuwa kupiga. Alipokea oda, alipiga muhuri majalada meupe moja moja, aligombana na wasafirishaji, alifagia. Mdogo wake ndiye aliyepiga. Huyo aliitwa Nyundo tangu ujana, kwa jinsi besi yake ilivyogonga kifua, na ingawa sasa alikuwa na mvi na kitambi kidogo, jina halikumtoka. Wapo wengine waliotoa santuri kupitia Mbichi, wazuri tu, lakini roho ya lebo ilikuwa Nyundo na kila mtu alijua. Dada Mkubwa alipenda kusema kwamba yeye hakujaliwa kipaji, alijaliwa mdogo.

Na sifa za Nyundo zilikuwa zinapanda. Zilipanda kwa ajili ya matoazi, ile sauti nyembamba ya juu inayotoka kwenye mashine ya ngoma na kusema tsi, tsi, tsi, kati ya pigo moja la besi na jingine. Ya Nyundo hayakusema tsi. Yalichana. Kila santuri mpya yalikuwa makali kuliko ya santuri iliyotangulia, na wasikilizaji waliandika kutoka kila upande: huyu bwana hana huruma, huyu hamwogopi mtu. Dada Mkubwa alimsomea jumbe hizo kwa sauti huku akicheka, na Nyundo alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa kwa haya, kama bwana harusi anayesifiwa na mashemeji.

Wimbo wake mpya ulipokuwa tayari, Dada Mkubwa aliubeba mwenyewe kwenda kwa Fundi. Fundi alikuwa mkataji. Kabla santuri haijafika kiwandani, lazima mtu akate mfereji wake kwenye sahani laini kwa sindano yenye moto, na kazi hiyo Fundi alikuwa ameifanya kwa miaka mingi, akilalamika miaka yote. Alifunga tepu, akashusha sindano, akakaa. Haukupita muda kukasikika tap, na mashine ikazimika.

"Fyuzi," alisema Fundi.

Akabadilisha fyuzi, akaanza upya. Tap. Safari hii chumba kilinuka waya ulioungua kidogo, na Fundi akavua miwani.

"Dada, nyie watu wa Mbichi mna ugomvi gani na masikio ya watu? Matoazi haya hayakatiki. Yanachemsha kichwa cha mashine. Nikilazimisha, kichwa kitaungua, na kichwa kingine hakuna mahali pa kukitoa."

"Ndiyo staili yake, Fundi. Mbichi ni mbichi."

"Mbichi sawa, lakini hii ni wembe. Rudi naye akayashushe. Au," Fundi alitazama mlangoni kana kwamba kuna polisi, "niachie mimi. Nitayapunguza hapa hapa, kidogo tu. Yeye hatajua."

"Thubutu!" alisema Dada Mkubwa, na akachukua tepu yake.

Njia nzima alitembea kifua mbele. Kusema kweli alijisikia fahari. Mdogo wake alikuwa amepiga muziki mkali mpaka mashine imesalimu amri, na habari ya namna hiyo ikivuja ni sifa ya mwaka mzima. Alimkuta Nyundo ofisini, amekaa juu ya katoni, amevaa hedfoni zake kubwa. Akamgonga bega.

"Wee bwana, umeunguza fyuzi za Fundi. Mbili! Anasema uje uyashushe matoazi."

Nyundo alishusha hedfoni shingoni. "Matoazi gani?"

"Ya wimbo mpya. Anasema ni wembe."

"Dada, Fundi kazeeka. Matoazi ya wimbo ule nimeyaweka mbali kabisa. Mbali, mbali, kama mtu anafagia ua wa jirani. Nilitaka yasikike kwa shida."

Alisema hivyo kwa upole, bila utani wowote, na akarudisha hedfoni kichwani. Dada Mkubwa akabaki amesimama na tepu mkononi. Mtu anayefagia ua wa jirani! Matoazi yale yangeweza kukata kioo. Alitaka kucheka, kicheko kikagoma. Kutoka kwenye hedfoni, hatua tatu hivi kutoka kichwani mwa mwenyewe, alisikia tsi-tsi-tsi inavuja kama sufuria iliyosahaulika jikoni.

Akafanya jambo ambalo baadaye lilimwia vigumu hata kulikumbuka. Alingoja mpaka Nyundo alipovua hedfoni na kuhamia mezani kupiga muhuri majalada, mgongo wake ukiwa kwenye spika. Akawasha mashine zote na kuacha wimbo ujae chumbani. Kisha akaanza kuzungusha vitufe, kimoja kimoja. Akaondoa besi. Akaondoa makofi. Akaondoa kinanda. Yakabaki matoazi peke yake, na akayapandisha mpaka meno yakamwuma.

Nyundo alipiga muhuri jalada, akaliweka pembeni, akachukua jingine.

"Mbona umezima?" aliuliza bila kugeuka. "Ulikuwa unanipa mwendo."

Dada Mkubwa alizima. Alisema anatafuta kitu nje, akatoka, akaenda kusimama kati ya makochi ya jirani yaliyochunwa vitambaa. Mshona makochi alimsalimia, akaitika bila kujua ameitika nini. Kumbe ule ukali ambao watu waliusifu haukuwa ujasiri. Mtu alikuwa anaongeza chumvi kwa sababu ulimi wake hauonji tena. Na yeye, dada yake, mwenye masikio mazima, alikuwa anasimama pembeni na kumpigia makofi.

Nyumbani kwao jambo kama hilo lingeweza kujificha kirahisi kuliko nyumba yoyote. Mama yao alikuwa hasikii vizuri kwa miaka mingi, kwa hiyo ukoo mzima uliongea kwa kupiga kelele. Mtu akiomba chumvi pale mezani, mpita njia angedhani kuna ugomvi wa mirathi. Nyundo naye alipiga kelele kama wote, na alisema "Nini?" kama wote, na nani angejua kwamba yake ilikuwa "Nini?" ya kweli?

Jumapili iliyofuata, kwenye chakula cha mchana, Dada Mkubwa alikaa akimtazama mama. Wajukuu walikuwa wanasimulia kisa cha mwalimu wao, na wote walivunjika mbavu. Mama naye akacheka. Alicheka akichelewa kidogo, akipitisha macho usoni mwa mmoja hadi mwingine, akitafuta kama kicheko kinaendelea au kimekwisha. Dada Mkubwa alikuwa amekiona kicheko hicho maisha yake yote. Zamani mama alipoanza kutosikia, hakuna aliyemwambia. Waliona ni kumkosea adabu. Wakamheshimu, wakamnyamazia, na kidogo kidogo wakaacha kumsimulia vitu, mpaka ikawa anakaa katikati ya watoto wake akisoma nyuso. Walimtoa kwenye mazungumzo kwa heshima zote.

Upande wa pili wa meza, Nyundo alicheka pia. Alichelewa kidogo.

Usiku huo na uliofuata Dada Mkubwa hakupata raha. Akimwambia, huenda Nyundo akafunika mashine zake na asizifunue tena. Alimjua, alikuwa mtu wa kukata tamaa kwa kishindo. Na Nyundo asiyepiga alikuwa nani? Hakusoma sana, hakuoa akatulia, hakuwahi kuweza kazi nyingine kwa zaidi ya msimu. Asipomwambia, ataendelea kupandisha hedfoni zile juu na juu, na hicho kilichobaki masikioni nacho kitakwenda. Ile njia ya Fundi ilikuwepo, ya kushusha matoazi kwa siri na kutabasamu. Ndiyo iliyomuogopesha kuliko zote, kwa sababu ilikuwa rahisi.

Alipiga moyo konde, akafika ofisini mapema, akamsubiri.

"Mdogo wangu, kaa."

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Kaa, na uniangalie." Alikuwa amejiandalia maneno mengi ya busara, yote yakayeyuka. "Husikii matoazi."

"Yapi?"

"Yote. Huyasikii. Ndiyo maana unayapandisha."

Nyundo alimtazama kama mtu aliyetukaniwa mama. "Unaniita kiziwi?"

"Sijasema hivyo."

"Besi nasikia! Wewe nakusikia! Dunia nzima inasifu santuri zangu, wewe na Fundi ndio mmegundua mimi kiziwi? Au mnataka nipige muziki wa kuchezea kwenye lifti?" Alikuwa amesimama, kidole hewani. Akiwa na hasira sauti yake ilijaa chumba, na jirani akaacha kugongomea misumari.

Dada Mkubwa hakubishana. Alienda kwenye mashine, akawasha matoazi peke yake, chini kabisa, na kumwambia anyooshe mkono atakapoyasikia. Kisha akaanza kupandisha. Nyundo alikunja mikono kifuani kwa kiburi. Dada akapandisha. Sauti ikafika pale inapopendeza, ikapita. Ikafika pale inapokera. Akapandisha tena, akaona mikono ya mdogo wake imeanza kukunjuka, si kwa sababu ya kusikia, ila kwa sababu ya kumwona yeye. Maana uso wake ulikuwa umejikunja wenyewe, jicho moja limefumba, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umeruka kuziba sikio kabla hajaupa ruhusa.

Chumba kizima kilikuwa kinapiga mayowe, na Nyundo alikuwa amesimama ndani yake kama mtu aliye maktabani.

"Inalia?" aliuliza.

Dada Mkubwa akatikisa kichwa kukubali.

"Sasa hivi inalia?"

"Inalia, mdogo wangu."

Akazima. Nyundo alikaa chini, pale pale sakafuni. Halafu akauliza, kwa sauti ndogo ambayo dada yake hakuwa ameisikia tangu wakiwa watoto, kama zile santuri nyingine nazo zilikuwa hivi. Akajibiwa kweli. Akainuka, akachukua kofia yake, akaondoka, na hedfoni akaziacha mezani.

Kwa siku kadhaa aliingia mitini. Simu hakupokea. Dada Mkubwa alienda kumgongea, akasikia hatua ndani na mlango usifunguliwe, akarudi akilia njia nzima bila kujali nani anamtazama. Kosa gani alilofanya? Alisema kweli, na kweli ilikuwa imemnyang'anya mtu kitu pekee alichokuwa nacho. Mama alimuuliza Nyundo yuko wapi. Safari hii Dada Mkubwa hakumdanganya. Alimsogelea mama sikioni, akamweleza yote, na mama akasikiliza mpaka mwisho bila kucheka na bila kutazama uso wa mtu.

"Mimi hakuna aliyeniambia," alisema mama.

Sijui mama alikwenda kwa mwanawe na maneno gani, wala Dada Mkubwa hakupata kuambiwa. Anachojua ni kwamba kesho yake wawili hao walionekana wakitoka kwa daktari wa masikio, wameshikana mikono, kila mmoja akidhani anamwongoza mwenzake. Daktari alikuwa amesema kilichopotea hakirudi, lakini kilichobaki kinaweza kutunzwa. Hedfoni basi. Spika ziwe chini.

Nyundo alirudi ofisini amenyoa ndevu.

"Ule wimbo ufute," alisema.

"Nimeshaufuta," alidanganya Dada Mkubwa, akaufuta Nyundo alipotoka kunywa maji.

"Nataka kuupiga upya. Besi naijua, makofi nayajua. Matoazi sitayasikia, kwa hiyo wewe utakaa pale." Alionyesha kiti mbele ya mashine. "Mimi nitakuangalia usoni. Yakizidi, kunja uso. Yakipungua, nyanyua nyusi. Ila nakuomba, dada, usinidanganye. Wewe una tabia ya kunichekea hata nikiharibu."

Walifanya mazoezi kwanza, na mazoezi yalikuwa kichekesho. Dada Mkubwa alikuwa ameishi kwa kutabasamia wateja na wasafirishaji, na uso wake haukujua tena kusema kitu bila kupewa amri. Akitaka kunyanyua nyusi, mdomo nao unafunguka. Nyundo alimwambia anafanana na samaki aliyesahauliwa sokoni. Walicheka mpaka mshona makochi akagonga ukuta, na kicheko hicho kilimlegeza uso. Baada ya hapo ukaanza kufanya kazi.

Tepu ikawashwa. Nyundo akaanza na besi peke yake, chini, kwa sauti ambayo zamani angeiita ya kubembelezea mtoto. Makofi yakaingia. Kinanda kikaja na sauti yake moja, kikajirudia na kujirudia. Kisha akaweka vidole kwenye kitufe cha matoazi, akamkazia dada yake macho, akaanza kuyaleta. Nyusi zikapanda, akaongeza. Uso ukakunjika kidogo, akapunguza. Akaenda hivyo, akipapasa njia, mpaka yakafika mahali na kutulia.

Na hapo Dada Mkubwa akayasikia. Yalikuwa mbali, mbali kabisa, membamba, mtu anafagia ua wa jirani asubuhi na mapema na wewe bado uko kitandani huna la kuogopa. Ndivyo Nyundo alivyokuwa anayasikia kichwani mwake muda wote ule, na dunia ikapewa wembe. Hakuna aliyewahi kuusikia muziki wa mdogo wake jinsi ulivyokuwa kweli. Machozi yalimtoka bila taarifa.

Nyundo akashtuka. Akapunguza matoazi. Dada Mkubwa akatikisa kichwa kwa nguvu, bila kutoa sauti isije ikaingia kwenye tepu, hapana, hapana, acha hapo hapo, na Nyundo akaelewa kwamba bado yanamuumiza. Akapunguza tena. Yeye akazidi kutikisa kichwa, akazidi kulia, na Nyundo, uso umemsawijika, akakizungusha kitufe mpaka mwisho na kuyaondoa kabisa. Kisha akainamia mashine zake kwa aibu, hakuthubutu kumtazama tena. Tepu ilikuwa inazunguka, na tepu ikizunguka hakuna kusimama. Aliupiga wimbo wote uliobaki kichwa chini, besi na makofi na kinanda, na katikati yake nafasi tupu pale palipokuwa na matoazi.

Alipozima, aliuliza akiwa bado ameinama. "Yalikuwa makali sana, eh? Nimekuumiza."

"Hukuniumiza."

"Si umelia?"

"Nimelia kwa sababu yalikuwa mazuri."

"Nini?"

Dada Mkubwa akainuka, akazunguka upande wa sikio lake lenye nafuu, akarudia. Nyundo aliyapima maneno hayo. Alitazama tepu. Kwa sheria yao, alikuwa na haki ya kusema ufutwe, na dada yake alimwona anafungua mdomo kusema.

"Unatoka hivyohivyo," akamuwahi.

"Na shimo lake?"

"Na shimo lake."

Nyundo alifuta jasho kwa kofia. Halafu akauliza, akijitahidi iwe kama swali la kawaida tu la kazini, "Yalikuwaje?"

Dada Mkubwa akavuta kiti karibu, akauchukua mkono wa mdogo wake, akaulaza juu ya goti lake. Kwa ncha za vidole viwili akaanza kuyapiga matoazi yale nyuma ya kiganja chake, mepesi, kwa nafasi zake zilezile, na Nyundo akafumba macho, akaanza kufuata kwa kichwa.